Pikipiki kubwa ya adventure au ya kati? Nimepanda mlima wa Dareda kwa zote mbili, nikiwa na mke wangu

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Humu kila wiki kuna mtu anauliza anunue adventure (zile ndefu za safari na njia mbovu) kubwa au ya kati, na kila wiki wanaomjibu ni watu walioziona kwenye video. Mimi zote nimezipanda, na moja imenilalia. Sina chumvi ya kuongeza. Anayebisha aje kwangu Nakwa, hapa Babati, nimwonyeshe kovu.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuja, nilihamishiwa Babati kikazi kutoka Tabora, nikaoa hapa hapa. Sasa nina kashamba ka mbaazi kule Singe na siondoki ng'o.

Mke wangu, Mama Glory, kwao ni Bashanet. Kwa msioijua Manyara: unatoka Babati kwa lami mpaka Dareda, halafu unaiacha lami unapanda mlima. Kiangazi ni vumbi tu. Masika njia inateleza, gari dogo halithubutu, msafiri anabakiwa na pikipiki.

Kule juu yuko mama yake, anaishi peke yake na macho yameanza kufifia.

Sasa Mama Glory aliwahi kuanguka na bodaboda akavunjika mguu, akaapa hapandi tena pikipiki. Kwa hiyo mvua zikianza, hamwoni mama yake mpaka zikatike. Miezi hiyo nyumba yangu inakuwa nzito. Anapika, anacheka na mtoto, lakini simu ikiita anashtuka kwanza ndipo anaipokea.

Nikajiambia, dawa ni kumtafutia pikipiki ambayo hataiogopa. Na mimi kwa akili yangu, isiyoogopesha ni kubwa. (Sifa za mjini pia nilizitaka, siwafichi.)

Nikapata moja kwa jamaa aliyekuwa akichimba Mererani, anarudi kwao. Cc elfu moja na ushee.

Wakuu, kwenye lami lile dude ni raha. Nilienda nalo Arusha. Malori yanakupita, upepo wake haulitikisi. Kupita lori mlimani ni kuzungusha mkono wa mafuta tu, umeshalisahau. Kiti ni kipana, nilishuka mgongo hauniumi. Anayesema kubwa haina faida hajaendesha mbali.

Ila kizuri hakikosi ila.

Mjini, ukisimama kidogo stendi, joto la injini linakuchoma mapaja. Kuigeuza uani kwangu ilikuwa mpaka nimwite jirani. Na nilipoipeleka kijijini Mutuka siku moja mvua imenyesha, tope jeusi likajaa matairi, ikalala, nami mguu chini yake. Hilo ndilo kovu. Wakulima waliokuwa wanapalilia wakaja kuiinua. Mzee mmoja akaizunguka, akauliza, "Hii nayo inakula nini?"

Nikacheka nao. Bado sikujifunza.

Ilinichukua muda kumshawishi Mama Glory. Nikamnunulia kofia nzuri, nikamzungusha kwenye lami ya kwenda Bonga, taratibu kama nimebeba mayai. Mwishowe akakubali. Masharti yake: "Baba Glory, nikianguka tena, usinitajie pikipiki maishani."

Mvua zilikuwa zimeanza. Ukweni huendi mikono mitupu, kwa hiyo kulikuwa na sukari, mchele, mafuta, blanketi la mama na mfuko wa unga wa ngano. Nikavipanga nyuma kama bodaboda wetu wote wanavyopanga: juu kwa juu, nikakaza kwa mipira ya tairi. Nani hapa hajawahi kuona kitanda kimefungwa hivyo kikafika salama?

Tatizo ni kwamba bodaboda ni nyepesi na iko chini. Lile dude lenyewe tayari ni refu. Ukiliongezea mzigo juu ya mkia, linakuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani halafu unamsukuma bega.

Tulifika Dareda vizuri. Tukaacha lami, tukaanza kupanda. Kona ya tatu au ya nne, lori likawa linashuka limejaa, nikasimama pembeni kulipisha. Nikashusha mguu wa kushoto.

Mguu haukukuta chini.

Ile pembeni ilikuwa imeliwa na maji. Pikipiki ikainama polepole, mzigo ukaivuta, nikashikilia mpaka mishipa ya shingo ikatoka, haikusaidia. Tukalala wote na unga ukapasuka.

Hakuna aliyeumia. Tukainuka weupe kama wachawi, dereva wa lori na mwenzake wakasaidia kuliinua lile dude.

Mama Glory hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alivua kofia, akanipa, akaanza kutembea kushuka kurudi Dareda.

Nikamfuata, nikamwita. Akasimama, akasema tu, "Mama yangu nitamwona kiangazi." Akapanda basi. Mimi nikarudi nyuma ya lile basi njia nzima, na wakuu, nililia ndani ya kofia.

Sasa nina rafiki, Saidi, ana duka la vipuri mjini. Yeye ana adventure ya kati, cc kama mia nne hivi, injini ndogo ila imeinuka kama kubwa. Nilikuwa naitania naiita mtoto. Alipokuja nyumbani kunipa pole, akaiegesha uani.

Tukiwa tunakunywa chai, nikamwona Mama Glory anaizunguka. Akaikalia. Saidi alishapunguza sponji ya kiti kwa sababu yeye mwenyewe ni mfupi. Mama Glory akashusha miguu. Nyayo zote mbili zikakaa chini.

Akaitikisa kushoto, kulia.

Halafu akamgeukia Saidi, siyo mimi: "Shemeji, kumbe mimi siogopi pikipiki. Naogopa kukaa nyuma ya mtu."

Wakuu, nilikuwa nimefikiria cc, matairi, shokabu, kila kitu. Kwamba yeye aendeshe, hata siku moja haikunijia.

Saidi akacheka sana. Tukabadilishana pikipiki hivyo hivyo kirafiki, bila kuongezeana hela. Yeye safari zake ni za Singida, lami tupu, lile dude linamfaa kweli, na kiti chake nacho alikipunguza sponji.

Mama Glory akajifunzia kiwanjani Singe. Akaanguka mara kadhaa, lakini ya kati ukiiangusha unaiinua mwenyewe, unakung'uta sketi, unaendelea. Jirani zetu walipata kichekesho cha mwaka. Akapata leseni.

Tukarudi mlimani, mvua bado zipo. Safari hii mzigo chini, kwenye maboksi ya pembeni. Yeye mbele, mimi nyuma nimeshika chuma.

Niwe mkweli, hii ya kati kwenye lami inapiga kelele, upepo unaisukuma, na ukipakia watu wawili na mzigo kwenye mwinuko unashuka gia mpaka uione huruma. Lakini kwenye utelezi inakusikiliza. Alipotaka kusimama alisimama. Mimi huku nyuma nilisali sala zote ninazozijua.

Mama mkwe alitoka mlangoni, macho hayamtoshi, akatusogelea. Tukamwamkia. Akauliza, "Mwanangu, amekuleta nani na mvua hii?"

"Nimekuja mwenyewe, mama. Huyu nimembeba."

Mama akanishika mkono, akacheka mpaka akakaa chini.

Somo langu ni dogo. Kama maisha yako ni lami na masafa, chukua kubwa, utanishukuru. Kama ni huku kwetu, chukua ile unayoweza kuiinua peke yako. Na kabla hujalipa, mpe mwenzio aikalie mbele, siyo nyuma.

Leo ni Jumamosi, Babati inanyesha tangu asubuhi. Mimi niko Nakwa na Glory, naunguza maharage huku naandika. Mama Glory ametuma ujumbe sasa hivi kutoka Bashanet: amefika, mama yake anamsuka nywele kwa kupapasa, tusimngoje mpaka kesho.

Haya, wa kubwa na wa kati, uwanja wenu. Na mwenye dawa ya maharage yaliyoshika chini, aanze yeye.