Kisiwa Kisicho na wa Kusema Karibu

Shule niliiacha mapema, kwa hivyo penye nimeandika vibaya msomaji aruke, aende mbele. Nataka kusema habari ya gemu ya kompyuta iliyonifunga Kitale wakati shamba langu kule Tongaren lilikuwa linaningoja.

Nilikuwa nimeletwa kwa kijana wangu kutibiwa kifua. Kifua kikapona. Basi siku moja nikatoka kununua betri za redio. Kurudi, bana, kila geti ni jeusi na kila ukuta una vipande vya chupa juu. Nikabisha moja, nikaambiwa karibu, nikaketi, nikapewa chai ya tangawizi. Kikombe kilikuwa karibu kuisha ndipo nikaangalia picha za ukutani, nikaona hao si watu wangu. Mama wa boma hiyo naye alifikiri mimi ni mzee wa upande wa bwana yake. Tuliongea vizuri sana, mambo ya ng'ombe.

Kijana wangu hakucheka. Alisema kichwa kimeanza kuniacha, na mtu wa kichwa kama hiyo hawezi kurudi kukaa peke yake. Nikamweleza jirani amepiga simu, matrekta yako shambani, watu wanangoja mvua tu wapande. Akanionyesha kompyuta ya mke wake, ambayo tangu siku za chuo ina gemu ya zamani ya mafumbo.

"Mzee, fungua geti ya hapa ndani," akasema. "Ukifungua, nakupeleka nyumbani mimi mwenyewe."

Sijui kama alikuwa anatania. Mimi nilichukua kama neno la mwanaume.

Sasa hapo kuna jambo. Kwetu Wabukusu, baba mkwe na mke wa mtoto hawasalimiani kwa mkono, hawaketi kiti kimoja. Huyu wetu ni mzaliwa wa Kapsokwony, si Mbukusu, lakini heshima hiyo ameishika kuliko hata mabinti zangu. Kwa hivyo mimi nilikaa kwa kompyuta, yeye akakaa mbali, kwa mlango wa jikoni, anachagua maharagwe na kuniita kutoka huko: Baba, finya mausi kando ya mti. Baba, rudi nyuma. Hivyo ndivyo alinifundisha, hata mara moja hakukaribia.

Gemu yenyewe ni kisiwa. Hakuna mtu, hakuna kuku, hata mbwa wa kubweka. Unafinya, picha inaruka, uko mbele kidogo. Unafinya kando, umegeuka, na hujui tena ulitoka wapi. Nilimuuliza mkaza mwana, mimi niko wapi kwa hii picha, mbona sioni hata viatu vyangu? Akasema mimi ndiye macho. Hiyo maneno ilinisumbua mpaka nikashindwa kula. Macho bila miguu inatembea aje?

Lakini pole pole nikashika njia. Kuna bomba, ukizungusha maji yanapanda kwa mnara. Maji yakijaa, kengele inashuka. Kengele ikishuka, gurudumu la geti linaonekana. Tatizo, gurudumu lilikosa mkono wa kushikia. Nikatafuta huo mkono kila pahali. Nikazunguka kisiwa mpaka nikaota mawe yake. Kuna nyumba hapo pia, nikaingia sebuleni baada ya kusimama sana mlangoni, kwa sababu hakuna wa kujibu hodi. Nikatafuta kwa meza, kwa jiko. Hakuna.

Mkaza mwana akasema, "Baba, kuna pahali haujaangalia."

"Wapi?"

Akainamia maharagwe. "Pahali tu."

Nikazunguka tena. Nikaanza kufikiria labda kijana alisema kweli, kichwa imeenda. Jirani naye akapiga simu, mvua imefika Moi's Bridge, karibu na kwetu. Nikauliza tena, pahali gani? Mkaza mwana akainuka, akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Jumapili tukitoka kanisani, kijana akavuta kiti karibu yangu. Nikamwonyesha bomba, mnara, kengele, njia zote bila kupotea. Tukafika kwa geti, nikasimama. Akanipokonya mausi, akaingia kwa ile nyumba, akapita sebule, akasimama kwa mlango wenye pazia. Nyuma ya pazia unaona mguu wa kitanda na shuka inaning'inia.

"Hapa hujawahi kuona?"

Nikasema niliona siku ya kwanza.

"Na kwa nini hukuingia?"

Ningejibu aje, na mke wake yuko hapo? Nikaangalia miguu yangu. Ndipo mkaza mwana akaongea kutoka jikoni, polepole.

"Baba wa watoto, hiyo ni chumba ya kulala ya watu. Ulitaka aingie aje, na mimi nimeketi hapa naangalia?"

Kijana akanigeukia. "Na kwa wale wa chai, uliingia aje?"

"Wale walisema karibu," nikamjibu.

Alicheka mpaka akashika meza. Alipomaliza kucheka akaingia mwenyewe kwa kile chumba, na mimi nikaangalia dirishani mpaka aliposema ametoka. Mkono wa gurudumu ulikuwa chini ya kitanda. Nani anaweka chuma chini ya kitanda? Geti likafunguka, na nyuma yake, unaamini, kuna kisiwa kingine kitupu, na mlango mwingine. Nikauliza kama hiyo ndiyo kumaliza. Akasema bado mbali sana, lakini kichwa yangu amekwisha kuiona, iko sawa. Akazima kompyuta, akaniuliza mwaka huu napanda mbegu gani.

Sasa niko nyumbani, mahindi yamefika magotini. Nikipalilia bado najiuliza yule mwenye kisiwa alienda wapi, akaacha kitanda bila kutandika. Nimeuliza kijana kwa simu, hajui. Mke wake anajua, kwa sababu gemu ni yake, lakini siwezi kumuuliza habari ya kitanda, na yeye hawezi kuniambia.