Vidole Vinne Juu ya Gurudumu

Tulikulia Luhwindja, na kule mtoto hujifunza kuangalia nyuma ya gari kabla ya kuangalia uso wa dereva. Gari likishuka kutoka machimboni limekaa chini kwa nyuma, basi lina magunia ya mchanga wa dhahabu chini ya ndizi. Hata askari wa barieri, vile vizuizi vya barabarani, waliokuwa wamelewa walilijua hilo. Kwa hiyo wajanja walitia springi ngumu, zile tunazoita resori, ili gari lililopakiwa lionekane limenyooka kama gari la padri. Lakini springi hizo zilikuwa na aibu yake: gari likiwa tupu, nyuma ilinyanyuka. Baba yetu aliendesha gari la namna hiyo. Siku moja walimshusha kwenye barieri, wakaenda naye. Aliporudi alikuwa mtu wa kukaa mlangoni na kutazama barabara. Dada yangu anaikumbuka sauti yake ya zamani. Mimi siikumbuki.

Nimeanza na hayo ili ieleweke jinsi springi mbili zilizofungwa kwa magazeti zilivyoweza, katika miaka ile ya Zaïre, kuitia baridi nyumba nzima ya Bukavu.

Nilikuwa mwanafunzi, nikilala kwa dada na mumewe huko Nguba. Shemeji alichora barabara na madaraja ofisini, akavaa abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, na jioni alinirudishia vitabu nilivyomwazima, vyote vikiwa na alama za vidole vyenye grisi. Maana alikuwa na mapenzi mengine: gari dogo jekundu la michezo, milango miwili, alilolinunua kwa mlimaji mmoja wa chai aliyekuwa akiondoka. Lilikuwa zuri kulitazama likiwa limesimama. Likitembea, lilirukaruka kwenye mashimo kama mbuzi, na kwenye kona liliinama hadi abiria akamshika dereva bila kutaka.

Siku hizo vijana wenye magari walikuwa wamekubaliana kufunga barabara ya rasi, ile inayozunguka ukingoni mwa ziwa, Jumapili moja asubuhi, washindane. Shemeji alitaka gari lake liweze yote mawili: juma zima literemke milima hadi tambarare ya Sange bila kuvunja mgongo wa mtu, na Jumapili ile lipite kona za ziwani bila kulala ubavu.

Springi zilikuja na lori la Uvira. Siku mbili alijifungia karakanani, na alipofungua mlango, gari lilikuwa limenyanyua nyuma.

Dada alikuwa akianika nguo. Alisimama na shuka ikidondosha maji miguuni mwake. Mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana.

"Mbona iko hivi?" aliuliza.

"Resori mupya. Ni ngumu, haziinami haraka. Na hii," akaonyesha bomba nene kando ya springi, "ni amortisere. Inatuliza resori isirukeruke. Nikiikaza, mutuka inakuwa ya kushindana. Nikiilegeza, inakuwa ya kwenda soko."

"Ya kwenda soko," dada alirudia, akaanika shuka.

Sokoni ndiko maneno yalikotangulia. Muuza samaki mmoja, mwanamke wa Kadutu asiyeweza kufunga mdomo, alimwambia mbele ya wateja: "Eh maman, mutuka ya bwana yako imeinua matako! Iko nabeba nini usiku? Kahawa? Mutugawie kidogo basi!"

Watu walicheka. Dada naye alicheka, akalipa, akawasahau samaki wake hapohapo mezani. Nilirudi kuwachukua mimi.

Tangu hapo kila kitu kilikuwa na sura ya pili. Kila Jumamosi shemeji alijifungia karakanani na kriki yake ya kuinulia gari, tukasikia chuma kikigonga chuma, kisha akatoka kwenda Sange "kujaribu kona za milimani." Alirudi jioni na mchele wa tambarare, machungwa, suruali yenye vumbi magotini, na furaha ambayo hakuielezea. Kwa nini magoti? Mtu anapiga magoti wapi akiendesha? Na Sange iko karibu na Ruzizi, na ng'ambo ya mto huo wa mpaka kahawa ilikuwa na bei nyingine. Hata mimi, niliyempenda mtu yule kama kaka, nilianza kunusa magunia katika harufu ya machungwa.

"Kuna njia ya kujua," dada alisema. "Wewe una mikono myembamba."

Njia yenyewe ilikuwa ya Luhwindja. Unaingiza vidole kati ya tairi la nyuma na bati lililo juu yake. Shemeji alipoingia kunawa mikono kabla ya kuondoka, nilichutama nikapima: vidole vinne, vikiwa vimelala. Aliporudi jioni na kuingia ndani na mchele wake, nilipima tena: viwili, na cha tatu kilikwama.

Dada alitazama vidole vyangu viwili kama mtu anayeonyeshwa telegramu.

Jumamosi iliyofuata, vilevile. Asubuhi vinne, jioni viwili na ubishi wa cha tatu. Gari lilitoka jepesi, likarudi zito. Lakini buti lilikuwa na nini? Tulilifungua alipokuwa akioga: tairi la akiba, kriki, kitambaa. Basi mzigo uko chini ya viti, dada alisema. Chini ya viti hapakuwa na kitu. Basi ameushusha njiani, kabla ya kufika nyumbani. Nilimwambia kama ameushusha, gari lingekuwa jepesi tena. Alinikazia macho. "Wewe uko upande gani?"

Usiku huo alitoa sanduku chini ya kitanda akapanga nguo, zake na zile ndogo alizokuwa amezifuma. "Sitazaa mutoto ambaye baba yake iko mu kasho," aliniambia, akiitaja jela kwa sauti ya chini kabisa. "Mara moja imetosha. Akitoka tena Jumamosi na kurudi hivyo, mimi naenda kwa mama."

Jumamosi ilifika na mvua nyepesi, ile ya Bukavu inayokaa hewani bila kuamua kunyesha. Kriki ililia, chuma kikagonga, mlango wa karakana ukafunguliwa. Shemeji aliingia ndani. Nilichutama. Vinne. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya tairi nilipoona viatu vyake kando yangu. Alikuwa amerudi kuchukua miwani.

"Unatafuta nini humo?"

Dada alitokea barazani, sanduku mkononi. Nadhani alikuwa amepanga kulificha hadi jioni, na hasira ikamtoa nalo.

"Anakupima," alisema. "Asubuhi vidole vine, jioni mbili. Sisi ni watoto wa Luhwindja, papa. Unabeba nini?"

Shemeji alimtazama, akanitazama, akatazama sanduku. Niliona akilini mwake vitu vikipangana kimoja kimoja.

"Tangu lini munanipima?"

"Tangu resori zifike."

"Ingia mu mutuka."

"Siendi Sange na wewe."

"Nani amesema Sange? Ni mpaka pa geti. Weka sanduku chini, ingia."

Aliingia, polepole, akishika tumbo. Gari lilikwenda hadi getini, likavuka mfereji, likageuka, likarudi. Safari fupi kuliko ya kumwita jirani. Shemeji alimfungulia mlango.

"Shuka. Na wewe, mupimaji, kuja. Pima."

Niliingiza vidole. Viwili. Cha tatu kilikwama palepale kilipokuwa kikikwama siku zote.

"Sema kwa sauti."

"Mbili."

"Haya. Kahawa imeingia wapi? Pa geti? Sentineli ameipakia?" Mlinzi wetu wa getini aliinua mikono kana kwamba ameshtakiwa. Shemeji hakucheka. "Nikiinua mutuka na kriki ili nitoe gurudumu nikaze amortisere, magurudumu yananing'inia, yanavutwa ndani. Nikiishusha, matairi yanang'ang'ania chini, mutuka inabaki juu. Mpaka itembee kidogo ndipo inakaa. Kila Jumamosi munapima mutuka iliyotoka mu kriki."

"Na magoti?" dada aliuliza.

"Magoti gani?"

"Vumbi."

"Na barabarani ninaikaza tena! Napiga magoti kando ya njia kama mukristu, nalegeza, nakaza, najaribu kona ileile mpaka watoto wa Kamanyola wananiita kichaa!"

Dada alitazama geti kwa muda mrefu, kana kwamba bado angeweza kumkuta mtu pale na gunia. Kisha alichukua sanduku lake akalirudisha ndani. Shemeji hakwenda Sange siku hiyo. Alibaki amekaa ndani ya gari, mlango wazi, mvua ikimlowesha bega moja.

Ningependa kuandika kwamba yaliisha. Hayakuisha, yalihamia kwake. Kila alipotaka kutoka, hata kwenda kununua mkate tu, alisimama barazani na kuita: "Maman! Kuja upime." Mara ya kwanza tulidhani ni utani. Dada alikwenda, akaingiza vidole, akasema idadi. Aliporudi: "Maman! Kuja upime." Sauti yake ilikuwa tamu, na mimi nilianza kuiogopa sauti hiyo tamu. Nilijiuliza anatafuta nini usoni mwa mke wake kila anapoinama. Alikuwa akimpima yeye.

Jumapili ya mashindano, watu walijaa ukingoni mwa rasi, vitenge na miavuli, ziwa likiwa limelala chini yetu. Gari jekundu lilikuwa mstarini. Shemeji alitoa kichwa dirishani, mbele ya wote.

"Maman! Kuja upime."

Watu walidhani ni baraka ya mke mjamzito, wakapiga makofi. Dada aliinama kwa shida, akapima, akainua vidole vyake watu wavione. Bendera ikashuka.

Halikushinda. Lakini kona ya ziwani, ile iliyowainamisha wengine wote, lilipita limenyooka, likashika barabara kama paka kwenye bati, na mtu kando yangu akasema, "Ile, wameitengeneza!" Lilipovuka mstari, likasimama mbele yetu, likinuka mpira na mafuta ya moto. Shemeji hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, akamtazama dada. Safari hii hakuita.

Dada alikwenda mpaka kwenye gurudumu la nyuma. Akalitazama. Hakuinama.

"Iko sawa," alisema. "Shuka, unywe maji."

Akashuka. Alikunywa akimwangalia juu ya kikombe, na dada hakuangalia pembeni. Watu walikuja kumpongeza, wakamzunguka, nikabaki mimi peke yangu na gari. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ulikuwa umefika kwenye bati lenye joto dada aliponishika kifundo cha mkono, bila hasira, akanikabidhi kikapu cha chakula.

"Beba hii," alisema. "Nimesema iko sawa."