Mistari ya Maji kwenye Ukuta wa Cassien

Kama kuna fundi aliyewahi kupiga plasta Kigali ikanyooka kama shati la bwana harusi, ni Cassien, na wa kwanza kukuambia hivyo alikuwa Cassien mwenyewe. Alikulia Buyenzi, kule Bujumbura, akarudi Rwanda na mwiko, timazi, na mdomo uliozidi vyote viwili kwa uzito. Alijenga vyumba vitatu ukingoni mwa bonde la Nyabugogo. Mkewe alifia humo. Na kila bonde lilipofurika, Cassien alichukua msumari akakwaruza mstari ukutani pale maji yalipoishia, na mwaka pembeni. Mistari ilikuwa minne, na mgeni hakupewa chai kabla ya kuonyeshwa yote.

"Huu," angesema, akigusa wa juu kabisa, uliolingana na kifua chake, "siku hiyo nilibeba godoro kichwani, redio juu ya godoro, na redio haikuacha kuimba."

"Redio iliimba, shemeji, wewe ulilia," Gaudiose angemkata kutoka mlangoni kwake. "Nilikuwepo."

Gaudiose alikuwa mjane wa rafiki yake, nyumba ya pili kwenda chini, mguu mmoja umevimba, fimbo mkononi. Ndiye pekee aliyeweza kumnyamazisha Cassien, na kwa dakika mbili tu.

Basi mradi ukaja. Bonde lingefanywa bustani: mabwawa ya kupokea maji ya mvua, njia za kutembea, madaraja ya mbao, viti vya watu kukaa Jumapili wakitazama ndege. Uzuri mtupu. Ila tuta la kuzuia maji lazima lipite mahali, na nyumba zitakazobaki upande wa maji zingepakwa X nyekundu, wenyewe wahamishwe. Mhandisi kijana, binti aitwaye Ihirwe, alipita na mashine yake ya miguu mitatu akiuliza kila mlango maji yaliwahi kufika wapi. Huyu akainua mkono hapa, yule pale. Mwenye mistari alikuwa mmoja tu, mtaa mzima.

"Ukuta wako unajua kuliko karatasi zangu, muzehe," Ihirwe alimwambia. "Alhamisi nakuja kuupima."

Ninyi mliokaa darasani hadi suruali zikatoboka mnahitaji kalamu kwa hesabu kama hii. Cassien hakuihitaji. Mistari ikiwa juu, nyumba inaondoka. Angepewa vyumba kwenye ghorofa, kuta zimepigwa plasta na mtu mwingine.

Jumanne akachanganya saruji. Akaufunika ukuta wote, akakwaruza mistari minne upya, kila mmoja mkono mzima chini ya ndugu yake wa zamani, akapaka majivu na tope hadi ukaonekana wa miaka ishirini. Ilikuwa kazi safi. Aibu yake isiwazuie kuisifu.

Gaudiose alikuja akaegemea fimbo, akatazama.

"Umeyashusha maji, shemeji."

"Nimeyashusha."

"Na yenyewe umeyaambia?"

Cassien akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Gaudiose hakucheka sana. "Mwanangu Bertrand anataka nihamie kwake Gahanga. Niende, au nikae?"

"Ukienda nitamtania nani? Kaa. Ukihama wiki hii, yule binti atajiuliza unakimbia nini."

Alhamisi Ihirwe alipima, akaandika, kisha akamgeukia Gaudiose. "Ndivyo yalivyofika, mama?"

Gaudiose alimtazama Cassien, kisha akaitazama fimbo yake. "Ndivyo."

Tuta likapita upande wa chini wa nyumba zao zote mbili, zikabaki.

Lilimaliza mwaka mmoja, nyasi zimeota, Cassien akikaa kwenye viti vipya na kuwaeleza wapita njia kwamba bila ukuta wake bustani isingekuwepo. Jumapili moja ya Aprili, baada ya misa, mvua ilimkuta hapo hapo. Iliponyesha kwa saa mbili mfululizo, maji yalivuka tuta kama hayakuliona. Alikimbia, akaanguka, akakimbia tena. Alipofika kwa Gaudiose yalikuwa kifuani mwake. Mlango ulikuwa wazi. Fimbo ilielea kizingitini.

Walimpata Gaudiose Jumanne, kwenye matete chini ya daraja la mbao.

Maji yalipotoka, Ihirwe alikuja kutafuta alipokosea. Plasta ya Cassien ilikuwa imelowa ikabanduka vipande vikubwa, na mistari ile minne ya zamani ilikuwa nje, doa la tope limekaa sawasawa juu ya ule wa kifuani. Ihirwe aliupitishia kidole.

"Muzehe, plasta hii ni ya lini?"

"Ya Jumanne ile," Cassien alisema. "Wewe ulikuwa unakuja Alhamisi."

Mazishini Cassien alimwambia Bertrand yote, mbele ya watu. Bertrand hakumpiga. Alichukua koleo akaendelea kufukia.

Tuta lilisogezwa juu, nyumba zikabomolewa, Cassien akahamia ghorofani. Ihirwe aliacha kipande kimoja tu cha ukuta, kisimame kando ya njia kupimia maji. Watu hukiegemezea baiskeli. Jumapili Cassien huenda kuwaondoa, bila maneno mengi.

Siku moja alimkuta Bertrand hapo.

"Mstari wa mama ni upi?"

"Haujachorwa." Cassien alitoa msumari mfukoni, akamnyooshea.

"Chora wewe," Bertrand akasema, mikono nyuma. "Pale yalipofika."

Cassien akachora, polepole, jasho likimtoka. Mstari ukapinda kama wa mwanafunzi wa kwanza. Bertrand alisubiri aurekebishe. Hakuurekebisha.