Muuguzi Anayemsimamisha Daktari kwa Dakika Tano

Saa moja na robo asubuhi. Daktari hajafika na mlango wa chumba namba nne bado umefungwa, lakini kazi imeshaanza. Muuguzi mfupi, mnene kidogo, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, anapita mbele ya benchi la mbao akiwa na sinia la vidonge na jagi la maji.

"Umekula, mwanangu?" anamuuliza wa kwanza.

"Nimekunywa chai kavu tu, sista. Nilisikia watu hawali wakija huku."

"Nani kakwambia? Huyo atakuua kwa njaa kabla sisi hatujakugusa. Nenda katafute chochote hapo nje, kisha urudi umeze. Nafasi yako nakulindia."

Wanawake wawili wanacheka, kicheko kifupi cha watu wenye hofu. Wa pili kwenye benchi ameshakula. Anameza vidonge viwili, na muuguzi anakata kipande cha plasta, anakibandika kwenye kifundo cha mkono wake na kuandika juu yake kwa kalamu: saa 1:15.

"Mtu yeyote akikuita humo ndani kabla ya saa mbili na robo, mwonyeshe mkono huu," anamwambia. "Hata akiwa daktari."

Wagonjwa wanamwita Mama Dakika. Waliompa jina hilo ni wafanyakazi wenzake, na hawakumpa kwa mapenzi.

Chumba namba nne ni cha vipimo na matibabu madogo ya kizazi. Mwanamke anaingia, anapanda kitandani, anawekewa kitanzi cha kuzuia mimba au anakatwa kipande cha nyama cha kupeleka maabara, kisha anashuka na kwenda zake nyumbani. Kwa kuwa halazwi, kazi yenyewe inaitwa ndogo. Aliyeipa jina hilo bila shaka hakuwahi kulala pale.

Mama Dakika ana miaka arobaini na tisa, na kumi na minane kati ya hiyo ameimaliza ndani ya chumba hicho. Kwa miaka kumi na sita ya mwanzo alifanya kazi kama alivyoikuta: kidonge mlangoni, sindano ya ganzi, na chuma papo hapo. Aliyelia aliambiwa ajikaze. Aliyepiga kelele aliulizwa, "Si umezaa wewe? Hiki nacho ni kitu?"

Swali hilo wanawake wengi wameshaulizwa, na hakuna aliyewahi kupona kwa kuulizwa.

"Nimelisema kwa mdomo wangu huu," anasema Mama Dakika akinyoosha sinia lake. "Sitaki kukudanganya kwamba wenzangu ndio waliokuwa wabaya, mimi malaika. Mimi ndiye niliyekuwa mkali kupita wote. Kama kuna mtu aliyejua kumshika mgonjwa magoti mpaka daktari amalize, ni mimi."

Kilichombadilisha ni simu moja, na aliyeipiga alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa.

Mdogo mtu ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na saba, mwembamba, mwepesi wa maneno. Miaka miwili iliyopita kipimo kilionyesha mabadiliko kwenye shingo ya kizazi chake. Haikuwa saratani, lakini yakiachwa, mabadiliko ya aina hiyo yanaweza kufika huko. Daktari akataka vipande viwili vya nyama vikapimwe. Fundi alimuuliza dada yake jambo moja tu: itauma?

"Haitauma," dada akajibu. Ndivyo alivyokuwa akiwajibu wote.

Siku hiyo foleni ilikuwa ya watu kumi na sita. Fundi alimeza kidonge akiwa anavuka kizingiti. Akachomwa ganzi, na kabla muuguzi hajaitupa sindano, daktari alikuwa ameanza. Fundi alipiga ukelele uliosikika mpaka dirisha la kadi. Dada yake akamshika magoti, akamwinamia sikioni na kumwambia maneno ambayo leo anayarudia huku ametazama sakafu: "Jikaze. Usiniaibishe mbele ya watu wa kazini kwangu."

Fundi alimsukuma dada yake kifuani, akashuka, akavaa nguo nyuma ya pazia, akaondoka. Hakuna kipande kilichokuwa kimekatwa.

Saa moja baadaye simu ya Mama Dakika ikaita.

"Dada, dawa yenu imefika sasa hivi," sauti ikasema. "Niko kitandani kwangu na siumwi popote. Mngekuja sasa, mngenikata mnavyotaka."

Simu ikakatwa. Ndugu hao wawili hawakuzungumza tena kwa miezi kumi na minne.

"Kwanza nilikasirika," anakumbuka Mama Dakika. "Nikasema huyu ananikejeli. Tumbo moja tumelala, ananitukana kwa kazi inayonilisha! Lakini lile neno likanikaa. Nikila, lipo. Nikilala, lipo. Dawa imefika sasa hivi."

Siku ya tatu akateremka hadi dirisha la dawa. Mfamasia, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuwa akipanga maboksi.

"Hivi vidonge vyetu," akamuuliza, "ukimeza vinakaa muda gani kabla ya kufanya kazi?"

"Saa nzima hivi."

"Na ganzi je?"

"Mpe dakika tano. Kwani ninyi mnampa ngapi?"

Mama Dakika aliondoka dirishani. Alirudi chumba namba nne, akafunga mlango kwa ndani na kukaa kwenye kitanda cha wagonjwa.

"Nililia kama mtoto," anasema. "Miaka kumi na sita! Dawa ilikuwepo, tena nzuri. Sisi tulikuwa tunawapa wanawake dawa inayowafikia wakiwa njiani kwenda kwao, halafu tunabaki tukiwasengenya kwamba ni waoga."

Akafungua rejesta. Kati ya wanawake hamsini na wawili walioandikiwa kurudi kwa matibabu mwaka ule, kumi na tisa hawakuonekana tena. Akaanza kuwapigia mmoja mmoja kwa simu yake mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana. Simu kumi zilipokewa. Tisa walimwambia, kwa adabu au bila adabu, kwamba kitanda kile hawakipandi tena. Simu ya kumi ilipokewa na mume, akamweleza kwa upole kwamba amechelewa, mkewe wameshamzika.

Tangu hapo Mama Dakika anafika kazini saa nzima kabla ya daktari. Vidonge anavigawa kwa mafungu kufuata foleni, ili kila mtu aingie dawa ikiwa imeshamkolea. Neno "haitauma" ameacha kulitumia. Badala yake anamwambia mgonjwa kila kitakachotokea: hapa utahisi baridi, hapa utasikia kubanwa kama hedhi mbaya, hapa hesabu mpaka ishirini. Na kila anayelala pale anaambiwa kwamba akiinua mkono, kazi inasimama.

Lililomletea balaa ni zile dakika tano. Baada ya sindano ya ganzi alikuwa anasimama katikati ya daktari na kitanda, mikono kifuani, macho kwenye saa ya ukutani. Daktari ni mtu mrefu. Muuguzi anamfika kwenye mfuko wa koti.

"Mwanzoni nilidhani ananitania," anasema daktari huyo, ambaye ndevu zimeanza kuingia mvi. "Nikamwambia, sista, foleni ile pale. Akaniambia, daktari, naiona, mimi si kipofu. Wala hakusogea."

Wagonjwa wakashuka kutoka kumi na sita kwa siku hadi kumi na mmoja. Msimamizi wa kliniki akamwita ofisini na kumuuliza kama ameajiriwa kuuguza au kusoma saa. Akaandikiwa barua ya onyo. Akaisoma, akaikunja, na kesho yake akasimama palepale.

Baada ya miezi mitatu idadi ilipanda tena, safari hii hadi kumi na watano. Daktari ana maelezo yake.

"Mwanamke akitulia, na mkono wangu unatulia," anasema. "Zamani nilikuwa napigana mieleka na mtu nusu saa. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka, sijui kwa nini. Hata ningeambiwa zamani kwamba ni dakika tano tu, nadhani nisingesikia."

Leo foleni ni ya watu ishirini na wawili. Mwanamke wa tano kwenye benchi, mwembamba, mkoba mapajani, ni fundi cherehani.

Wawili hawa walirudi kusalimiana nyumbani kwa mama yao, na walifanya hivyo kwa ajili ya mama tu. Kisha mwezi uliopita fundi akapiga simu mwenyewe. Alikuwa anatokwa damu siku zisizo zake, na haikuwa mara ya kwanza. Akasema atakuja, ila kwa sharti.

"Wewe usiwemo chumbani," alimwambia dada yake. "Sitaki mkono wako wala sauti yako."

"Sawa, mdogo wangu," dada akajibu.

Kwa hiyo leo Mama Dakika amempa mdogo wake vidonge kama anavyowapa wengine. Fundi alinyoosha mkono kubandikwa plasta, uso ameugeuzia dirishani. Na sasa, saa tatu kasoro dakika kumi, jina linaitwa, fundi anaingia, mlango unafungwa. Muuguzi aliyefanya kazi humo miaka kumi na minane anabaki nje, kwenye benchi, pamoja na ndugu wa wagonjwa.

Ndani wapo daktari na muuguzi aliyehamishiwa hapa wiki tatu tu zilizopita. Katikati ya daktari na kitanda leo hakuna mtu.

"Unaiona ile foleni?" ananong'ona Mama Dakika. Vidole vyake vinasokota kamba ya miwani. "Akiitazama foleni akaanza mapema, mdogo wangu atashuka tena kile kitanda, na safari hii harudi. Na damu inamtoka. Mimi najua damu hiyo inaweza kuwa na maana gani. Nimeiona kwa wengine."

Saa ya korido iko juu ya dirisha la kadi. Dakika moja inapita. Ndani inasikika sauti ya daktari, maneno hayashikiki. Mama Dakika anasimama, anakaa. Anamwelekeza bibi mmoja chooni. Dakika ya tatu. Kimya. Anasema kimya anakiogopa zaidi ya kelele, kwa sababu hajui wamo katika lipi.

Kisha unasikika mguno, mmoja, wa mtu aliyebanwa. Mama Dakika anaruka, na mkono wake unatua kwenye kitasa. Angefungua, nani angemzuia? Watu wote wa korido hii wanamjua. Anasimama hapo ameshika kitasa, midomo ikicheza bila sauti. Halafu anakiachia kidole kimoja kimoja, anarudi kwenye benchi na kushika tama.

Hakuna anayetoka mbio.

Inapotimu saa tatu na dakika kumi na mbili mlango unafunguliwa. Fundi anatoka taratibu, mkono mmoja ukutani, uso umempauka kidogo. Anatazama benchi zima, kisha anakuja kukaa karibu na dada yake, mkoba katikati yao.

"Alisubiri?" anauliza Mama Dakika.

"Alisubiri. Nikamwambia niko tayari, anasema bado dakika mbili. Nilitaka kumpiga."

"Iliuma?"

"Iliuma, dada. Lakini si kama ile ya kwanza. Niliinua mkono, akaacha kabisa, akaweka vyombo chini. Nikavuta pumzi, nikamwambia amalize. Vimekatwa vyote viwili."

Mama Dakika anavua miwani. Machozi yanamtoka mbele ya foleni nzima na hayafuti.

"Nisamehe, mdogo wangu," anasema. "Siku ile nilijali aibu yangu kuliko wewe."

Miaka miwili neno hilo lilikuwa halijasemwa. Fundi anabandua ukingo wa plasta mkononi, anaurudishia.

"Majibu baada ya wiki tatu," anasema hatimaye.

"Najua."

"Yakiwa mabaya nitalala tena pale."

"Ndiyo."

"Basi siku hiyo tuingie wote."

Dada anaitikia kwa kichwa.

Anapoulizwa mipango yake, Mama Dakika anataja kwanza wale wanawake. Kati ya tisa waliokataa kwenye simu, saba wamesharudi kutibiwa. Bado kuna wengine tisa ambao simu zao hazikupatikana kabisa, na amepanga kuwatafuta majumbani kwao siku za mapumziko, kwa anwani zilizomo kwenye rejesta. Anataka pia chumba namba mbili, kinachopokea wagonjwa wa aina hiyohiyo, kianze kugawa vidonge mapema.

La mwisho ameshaliombea ruhusa kwa msimamizi, siku moja, wiki tatu kuanzia leo. Msimamizi alimuuliza kama anaumwa.

"Nikamwambia siumwi, nampeleka mdogo wangu hospitali," anasema. "Siku hiyo sivai sare. Majibu yakimlaza tena pale, nitakaa upande wa kichwani kwake, kama ndugu wa mgonjwa, na kazi nitawaachia wenyewe."