Siku egesangio walipokuja kwangu na zamu haikuwa yangu

Wakuu, hamjambo huko. Mimi ni nyanya wa watu, simu nimefundishwa na mjukuu, kwa hivyo makosa mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Mwanzo wa miaka ya sabini nilikuwa nimeolewa karibu na Marani, huku Kisii. Mzee wangu akapata kazi ya majani chai Kericho, nikabaki na mtoto mchanga na shamba la wimbi.

Basi moyo ukaanza. Nimeketi tu, unaenda mbio. Mikono inatetemeka, chakula hakipiti. Siku hizi mnaita anxiety. Sisi hatukuwa na jina lake, na ungemwambia nani?

Wanawake tulikuwa na egesangio, kikundi cha majirani. Leo mnapalilia kwa huyu, kesho kwa yule, wote safu moja. Ukikosa kwa wenzako, kwako hawaji.

Nilikosa mara tatu. Niliogopa wataona mikono.

Asubuhi moja nikasikia sauti zao nje. Nikajua wamekuja kunisema. Nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa chini na mtoto, nangoja matusi.

Nilichosikia ni majembe. Walikuwa wanapalilia wimbi langu, na zamu haikuwa yangu.

Nikatoka. Mama Kemunto, mkubwa wetu, hakuniuliza kitu. Alinipisha katikati ya safu.

"Ingia hapa. Mtoto atabebwa."

Ukipalilia umeinama, hakuna anayekutazama usoni. Kabla jua halijawa kali nilikuwa nimesema yote. Wa kushoto kwangu akasema, "Hata mimi, mwaka ule mzee wangu alipoenda kazi mbali." Nililia, na kazi ikaendelea.

Sikupona siku hiyo, siwadanganyi. Lakini walianza kunipitia kila asubuhi, na pole pole moyo ukatulia.

Mama Kemunto tulishamzika. Shamba limegawanywa, pale tulipopanga safu sasa kuna ua wa mpaka. Naitamani safu ile mpaka leo.

Juzi huyu mjukuu wa simu hakutoka chumbani siku mbili. Anasema mshauri wa kuongea naye yuko Kisii mjini na foleni ni ndefu.

Sikugonga mlango. Nilichukua jembe nikapalilia mboga chini ya dirisha lake.

Saa nne akatoka, nikampisha kando yangu. Tulikuwa wawili tu, na safu ya wawili haina katikati.

Nilichojifunza: mtu akiacha kuja, mfuateni, na muende na kazi ya mikono.

Nyinyi kwenu nani huwapisha? Andikeni hapa chini. Na aliye karibu na Marani aje na jembe, safu yetu ni fupi.