Mashine ya Kijivu Isiyotakiwa Kulala

Ndani ya nyumba ya phonie, redio ile ya kuongea na watu wa mbali, tulikuwa watatu: mimi; shemeji yangu, mdogo wa marehemu bwana wangu, ambaye ndiye mwenye nyumba; na mtoto wangu wa pili, aliyemtengenezea mashine. Wa nne alikuwa Kinshasa: binti yangu, mwenye mimba ya mwisho-mwisho. Majina yao ninayo yote kichwani, ila wenyewe hawataki niyaandike.

Vita vilikuwa vimefunga mto. Boti za Kinshasa hazikupanda tena Kisangani, kwa hiyo aliyetaka kusikia sauti ya mtoto wake alikuja kwenye phonie. Ilitumia betri ya lori, na betri hiyo hiyo ililisha kompyuta mbili za kuandikia watu barua, ya kijivu na nyeusi. Gurupe, jenereta ya kuichaji, tuliiwasha asubuhi tu, mafuta yakiwepo.

Kompyuta isipoguswa hulala, ili isile umeme. Ya kijivu ilikuwa na ugonjwa wake: ikilala, haiamki. Mtoto wangu alipoweka mfumo mpya, yaani mpangilio unaoendesha mashine, aliandika mle ndani: usilale. Halafu akaweka mfumo ule ule kwenye nyeusi, ambayo ilikuwa nzima kabisa.

Jumapili baada ya misa nikashika phonie. Binti yangu akasema, "Mama, maumivu imeanza, na mkunga anasema mutoto amekaa..." Sauti ikakatika. Betri imekwisha. Mashine zote mbili zilikuwa zimekesha macho, hakuna aliyezigusa. Na mafuta hakuna mpaka kesho.

Shemeji akamgeukia mtoto wangu. "Donc ni wewe mulozi wa betri."

"Tonton, ni ile ya kijivu."

"Mugonjwa iko moja. Juu ya nini unanyima na nyeusi usingizi?"

Mtoto wangu akainama kuangalia betri. Shemeji akasema, "Bon, toa ile amri. Tubandike karatasi kwa ya kijivu: ukimaliza, zima."

"Wateja wako wanasoma karatasi, tonton? Ile ya kukataza mate, wanaitemea."

"Basi kila mutu akikaa pale, aipange mwenyewe."

"Mumoja atapanga, mwingine atapangua."

Mimi nilimuwaza binti yangu tu. Nikasema, "Kwangu kulikuwa mutoto anavimba akikula makayabo. Sikutoa ile samaki ya chumvi kwa sufuria ya wote. Mwenye kupakua alijua: huyu, hapana."

"Mama, ni hivyo nataka kufanya. Acha basi nifanye."

Jumatatu mafuta yakapatikana, akafanya. Mfumo ukiwaka, ujiulize kwanza: hii ni mashine gani? Ikiwa aina ya ile ya kijivu, izime kioo tu, isilale. Nyingine yoyote ilale kama kawaida. Alisema jambo hilo likae ndani ya mfumo, pale unapotambua mashine, ili asiwepo mtu wa kulazimika kukumbuka.

Shemeji hakukubali kompyuta zichomolewe kungoja Kinshasa, barua ndizo zilimlisha. Wateja wakaja, wakaenda. Saa ya kuongea na Kinshasa ilipofika, nyeusi ilikuwa imelala, betri bado na nguvu. Akajibu mkwe wangu: "Mama, amezaa. Mwanamuke. Walimupasua, lakini wote iko wazima. À vous," yaani zamu yangu ya kuongea.

Wa kwanza kupiga vigelegele ni watu wa foleni nje, maana phonie haina siri.

Shemeji mpaka leo anasema mgonjwa alikuwa ile nyeusi. Kama ulikuwa kwenye foleni ile na unaona nimechanganya, pita nyumbani uniambie, nitaandika upya.