Jina Nililoitwa na Mama

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini majina hayanishindi. Hapa Igowole nitakutajia watoto wote niliowapokea kwa mikono hii wakizaliwa, na mama zao, hata waliokwisha kufa. Basi mjukuu wangu alirudi kutoka masomoni Thailand, akapata kazi Mbeya, na alipokuja kunisalimia akasema siku hizi anafuata mafundisho ya Budha. Niliogopa jambo moja tu: nani ataniimbia nyimbo za kanisani siku ya kunizika?

Asubuhi nikamkuta amekaa uani, kimya, macho kafumba.

"Wewe, unaumwa au unasinzia?"

"Naangalia pumzi, Bibi."

"Kwani inakwenda wapi hata uichunge?"

Akacheka mpaka ukimya wake ukaharibika. Tukakaa kumenya maharage mabichi, akanieleza. Alisema mtu huanza kuielewa dunia pale anapoona kwamba hakuna "mimi" anayebaki vilevile. Ni kama moto wa jikoni: unauona uleule, kumbe kuni za asubuhi zilishakuwa majivu.

"Mtoto wewe, usinizungushe. Mimi hapa ni nani, basi?"

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaitwaje, Bibi?"

Jina hilo sijalisikia tangu ujana wangu. Maana kwetu ukishazaa, jina lako linawekwa pembeni. Nikawa mama fulani, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Halafu nikawa bibi wa kila mtu. Yule msichana aliyeteka maji bondeni na kuogopa vyura sijamwona miaka mingi. Na yeye angekutana na bibi huyu njiani, angeniamkia shikamoo na kupita. Mimi mwenye majina ya kijiji kizima, langu hakuna aliye hai anayelijua! Jambo hilo alilolisema mjukuu wangu nilikuwa nimeliishi siku zote, ila sikuwahi kuligeuza nikalitazama.

Kanisa langu sikuliacha, wala yeye hakuniambia niliache. Lakini woga ulilegea kidogo, nikamwuliza wazi, "Nikifa utaniimbia?"

"Nitaimba, Bibi. Sauti ya pili, kama ulivyonifundisha."

Ndipo nikamnong'oneza lile jina. Akaweka bakuli la maharage chini, akaniita kwa sauti, polepole, kama mtu anayemwita mtoto aliyechelewa kisimani.

"Abee!" nikaitika, kabla sijajua nimeitika.